Namna kijiti cha silikoni kinavyokuza ishara iliyozama kwenye kelele

Ndani ya simu janja nyingi zinazouzwa Dodoma mjini mna kipande cha silikoni kinachotikisika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde pale kamera inapotuliza picha, au unapocheza mchezo wa kugeuzageuza simu. Hukioni na hukisikii. Simu inapozungushwa, mzunguko huo hukisukuma kipande hicho pembeni kidogo, na kwa kupima msukumo huo simu hujua imegeukia upande gani. Simu ikigeuka polepole, kipande huhama umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja, na bado kifaa cha bei ya kawaida kinatakiwa kiutambue.

Kinautambuaje? Jibu la haraka ni kwamba kuna amplifaya. Lakini amplifaya ya umeme ina tabia mbaya ambayo kila fundi wa redio anaijua: hukuza kila inachopewa, kelele ikiwemo, kisha huongeza na ya kwake. Harald Friis, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani, aliandika mwaka 1944 kanuni inayoonyesha kwamba katika mnyororo wa amplifaya, kelele ya hatua ya kwanza ndiyo inayoamua usafi wa kinachotoka mwishoni. Hatua ya kwanza ikichafua, hakuna amplifaya ya baadaye itakayosafisha.

Hapo ndipo linapoingia wazo ambalo kwangu ni kati ya mawazo mazuri zaidi ya fizikia ya miongo hii ya karibuni: hatua ya kwanza ya kukuza isifanywe na umeme kabisa. Ifanywe na kile kipande cha silikoni chenyewe kinachotikisika (tukiite kijiti), kabla ishara haijafika kwenye waya wowote. Na kijiti hakifanyi hivyo kwa kuwa na nguvu nyingi. Hufanya hivyo kwa kuwekwa mahali ambapo msukumo mdogo kabisa unaweza kuamua kitakwenda wapi.

Tuanze na kijiti. Chukua kipande cha silikoni chenye upana wa maikromita chache au chini ya hapo (unywele wa mtu una maikromita 50 hadi 100), kibanwe ncha zote mbili, kiwekwe kwenye ombwe ili hewa isikizuie. Kikigutuliwa, kitatikisika kwa masafa yake ya asili, yaani idadi yake ya mitikisiko kwa sekunde: kilohezi (maelfu) au megahezi (mamilioni) kadhaa kutegemea umbo na ukubwa wake. Wataalamu hukiita rezoneta. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na mpiga ilimba ya Wagogo, ala ya vichuma vilivyofungwa ubaoni, ameshasikia rezoneta zikifanya kazi. Katika ilimba kubwa, zile alizopiga Hukwe Zawose wa kijiji cha Doduma hadi alipofariki mwaka 2003, kuna vichuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Hupigwa vichuma vya jirani, navyo huitika vyenyewe kwa kuwa vimelinganishwa sauti. Msukumo unaovifikia kupitia ubao ni mdogo, lakini unakuja kwa masafa yaleyale ya kichuma, wimbi baada ya wimbi, hivyo unajikusanya. Kukuza huku ndiko kunakoitwa rezonansi, na ni kukuza kwa kweli: rezoneta nzuri ya silikoni kwenye ombwe inaweza kujikusanyia mizunguko kiasi kwamba mtikisiko wake unakuwa mara 10,000 ya ule ambao msukumo huohuo ungeuleta ukiwa umesimama tu bila kubadilika.

Rezonansi ya kawaida ina mipaka miwili. Wa kwanza ni joto. Kijiti chochote chenye joto kinatikisika chenyewe bila kusukumwa na mtu, kwa sababu atomu zake hazitulii. Kikiwa na ugumu wa nyutoni 1 kwa mita, joto la chumba peke yake hukitikisa kwa takribani nanomita 0.06 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ishara iliyo ndogo kuliko hapo imezama tayari. Mpaka wa pili ni kwamba ishara nyingi tunazozitaka haziji kwa masafa ya kijiti. Ardhi ikitikisika hutikisika mara chache kwa sekunde; mapigo ya moyo ni mara moja au mbili. Kijiti cha megahezi hakiwezi kuitika jambo la polepole namna hiyo, kama vile kichuma kisivyoitika sauti isiyo yake.

Vitabu vya fizikia vya sekondari hutufundisha springi ambayo ukiivuta mara mbili inarudisha nguvu mara mbili. Ni uwiano ulionyooka, unaochorwa kwa rula. Baada ya hapo mwalimu huongeza maneno “kwa mitikisiko midogo” na somo linakwisha. Ningependa somo liendelee, kwa sababu baada ya maneno hayo ndipo vifaa hivi vinapoishi.

Kijiti kilichobanwa ncha zote mbili kikipinda, lazima kirefuke kidogo. Kikirefuka kinakazika, na kikikazika masafa yake yanapanda. Hata kwenye waya wa gitaa jambo hili lipo: ukiuvuta kwa nguvu sana, sauti huanza juu kidogo kisha hushuka kadiri mtikisiko unavyopungua. Kwenye waya ni jambo la pembeni ambalo mpigaji hulipuuza. Kwenye kijiti cha upana wa nanomita mia chache linatokea mapema mno, kiasi kwamba wahandisi kwa miaka mingi waliliona kuwa kero: kifaa chao kiliacha kufuata uwiano ulionyooka kabla hata hakijatoa ishara ya kutosha. Mhandisi wa Ujerumani, Georg Duffing, alishaandika hesabu za mitikisiko ya aina hii mwaka 1918, akiwa na mashine za ukubwa wa kawaida kichwani. Mlinganyo wake ndio unaotumiwa leo kwa vijiti ambavyo yeye asingeweza kuviona kwa macho matupu.

Sasa sikiliza kinachotokea. Sukuma kijiti hicho kwa nguvu ya kutosha, kwa masafa yaliyozidi kidogo masafa yake ya asili. Kinaweza kutikisika kidogo tu, kwa kuwa masafa yake hayalingani na msukumo. Lakini kinaweza pia kutikisika sana, na kwa kuwa mtikisiko mkubwa hukikaza na kupandisha masafa yake, sasa kinalingana na msukumo na kinaendelea kubaki juu. Hali zote mbili ni halali. Msukumo ni uleule, masafa ni yaleyale, kijiti ni kilekile, na kuna majibu mawili. Kitakaa katika lipi kunategemea kilitoka wapi.

Ongeza nguvu ya msukumo taratibu kijiti kikiwa katika hali ya chini. Kitang'ang'ania chini hadi nukta fulani, halafu hali ya chini inatoweka na kijiti kinaruka juu kwa mkupuo. Punguza nguvu sasa. Hakirudi palepale kiliporukia. Kinabaki juu hadi nukta nyingine ya chini zaidi, ndipo kinaporomoka. Nukta hizi mbili ni njiapanda halisi. Ukikisimamisha kijiti sentimita chache, kwa namna ya kusema, kabla ya njiapanda, mguso mdogo kabisa unatosha kukivusha, na tofauti kati ya kilivyokuwa na kilivyo baada ya kuvuka ni kubwa, inaonekana kwa leza au kwa volteji bila shida.

Tazama nishati inatoka wapi. Ishara dhaifu haikukiinua kijiti. Kilichokiinua ni ule msukumo mkubwa ambao ulikuwa ukifanya kazi muda wote. Ishara imeamua tu ni lini. Ukikamata jambo hili moja, njia zote za kukuza ninazozieleza hapa chini zitakuwa na sura ya ndugu.

Njia ya zamani kuliko zote haihitaji hata hali mbili. Mwaka 1859 Mjerumani Franz Melde alifunga uzi kwenye uma wa sauti (uma wa chuma unaotoa sauti moja ukigongwa) kiasi kwamba uma ulikuwa ukiukaza na kuulegeza uzi kwa urefu wake. Uzi ulitikisika kwa nusu ya masafa ya uma. Lord Rayleigh wa Uingereza alieleza baadaye kwa nini: ukibadilisha ukazo wa kitu mara mbili kwa kila mzunguko wake, ukikaza kwa wakati unaofaa na kulegeza kwa wakati unaofaa, unakiingizia nishati bila kukisukuma pembeni hata kidogo. Kuna kiwango cha ukazo ambacho kikizidishwa uzi unaanza kutikisika wenyewe. Ukikaa chini kidogo ya kiwango hicho, uzi hautikisiki wenyewe, ila mtikisiko wowote mdogo unaouletea unakuzwa. Mwaka 1991 Daniel Rugar na Peter Grütter walifanya jambo hilohilo kwa kijiti kidogo cha silikoni katika maabara ya IBM, wakikibadilisha ugumu wake kwa umeme kwa masafa maradufu.

Walichokipata kina uzuri wa pekee. Amplifaya hii huangalia wakati. Mtikisiko unaokwenda sambamba na mapigo ya ukazo hukuzwa. Ule uliochelewa robo mzunguko hupunguzwa. Kelele ya joto haina wakati maalumu, hivyo nusu yake inakuzwa na nusu inabanwa. Ukipanga ishara yako ikae upande unaokuzwa, nayo inakuzwa, na ukitaka utulivu unapima upande uliobanwa. Rugar na Grütter walionyesha kwamba hata mtikisiko wa joto, ambao wengi tuliuona kuwa sakafu isiyochimbika, unaweza kubanwa upande mmoja.

Njia ya pili ndiyo ile ya njiapanda, na hapa tunakutana na tatizo la ishara za polepole. Acha ishara ibadilishe nguvu ya msukumo: ishara ikipanda msukumo unaongezeka kidogo, ikishuka unapungua kidogo. Kijiti kinatikisika kwa megahezi zake, lakini urefu wa mtikisiko wake sasa unabeba habari za jambo la polepole. Kama ishara ingekuwa kubwa ya kutosha kukivusha kijiti njiapanda zote mbili, kingekuwa kinaruka juu na kushuka chini kwa mdundo wa ishara, na kazi ingekuwa imekwisha. Shida ni kwamba ishara tunayoizungumzia ni dhaifu. Haifiki njiapanda upande wowote, na kijiti kinabaki kilipo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna wasaidizi wawili. Msaidizi wa kwanza ni kelele yenyewe, na ndiye anayependwa na waandishi wa habari za sayansi. Mwaka 1981 Wataliano Roberto Benzi, Alfonso Sutera na Angelo Vulpiani walipendekeza wazo hili wakijaribu kueleza kwa nini zama za barafu duniani zinafuatana kwa takribani miaka 100,000, ilhali mabadiliko ya mwanga wa jua yanayolingana na muda huo ni madogo mno. Walisema: hali ya hewa ina hali mbili, ishara ya jua ni dhaifu, lakini misukosuko ya kawaida ikiongezwa juu yake hukutana na ishara mahali panapofaa na kuivusha. Kelele ikiwa kidogo mno hakuna kinachovuka. Ikizidi, mivuko inakuwa ya ovyo. Katikati kuna kiasi ambacho mivuko inafuata ishara. Mwaka 2005 Robert Badzey na Pritiraj Mohanty wa Chuo Kikuu cha Boston walilionyesha jambo hili kwa kijiti cha silikoni cha ukubwa wa nano.

Napenda wazo hili, lakini linakuzwa kupita kiasi na ni haki msomaji ajue. Kelele haiongezi habari ambayo haikuwepo. Inasaidia tu pale kifaa kilipowekwa mbali na njiapanda na huwezi kukisogeza. Ukiweza kukisogeza, kisogeze. Utapata matokeo bora kuliko kumwaga kelele.

Msaidizi wa pili anaanzia hapo. Mwaka 2000 Polina Landa wa Moscow na Peter McClintock wa Lancaster walionyesha kwa hesabu kwamba nafasi ya kelele inaweza kuchukuliwa na mtikisiko wa pili uliopangwa, wenye kasi kuliko ishara. Unakisukasuka kijiti kwa mdundo unaoujua, kwa nguvu unayoichagua. Mdundo huo hauna habari yoyote ndani yake, na kwa kuwa unaujua unaweza kuuondoa mwishoni. Kazi yake ni kubadilisha sura ya kizuizi kati ya hali mbili hadi kiwe chepesi kwa ishara. Ukiongeza nguvu ya msukosuko huo taratibu, mwitikio kwa ishara unapanda, unafika kilele, kisha unashuka. Mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa na Chile walichapisha jaribio la aina hii katika jarida la Nature Communications, wakitumia rezoneta ya nano inayoendeshwa kwa umeme na kusukumwa karibu na masafa yake ya asili. Ninachokipenda ni kwamba kitasa cha kurekebisha kiko nje ya kijiti. Kijiti kimeshatengenezwa, hukibadilishi. Unabadilisha nguvu ya mdundo tu.

Maumbile yalishafika hapo zamani. Mwaka 1948 Thomas Gold alidai kwamba sikio la mtu haliwezi kuwa linasikia kwa kupokea tu, kwa kuwa majimaji ndani yake yangezima kila mtikisiko. Lazima kuwe na kitu hai kinachorudisha nishati. Alipuuzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1978 David Kemp alirekodi sauti zikitoka sikioni, na Gold akaonekana alikuwa na hoja. Leo wanafizikia wengi huzieleza seli za nywele za sikio kama rezoneta zilizowekwa ukingoni, pale ambapo zikisogezwa kidogo tu zitaanza kutikisika zenyewe. Katika ukingo huo mwitikio hufuata kipeuo cha tatu cha msukumo: sauti yenye msukumo mara 1,000 huleta mtikisiko mara 10 tu. Geuza hesabu uone upande wa pili wake. Sauti ikipungua mara 1,000, ukuzaji wake huongezeka mara 100. Mnong'ono hukuzwa sana, ngurumo hukuzwa kidogo, na sikio lilelile linavimudu vyote viwili. Hakuna amplifaya ya uwiano ulionyooka inayoweza kufanya hivyo bila mtu wa kugeuzageuza kitasa.

Kwa nini nawaandikia haya watu wa Dodoma? Kwa sababu tunakaa juu ya ardhi inayosogea. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linafifia na kutawanyika katika eneo letu, na nyufa zake zina majina tunayoyajua: Bubu, Hombolo, Fufu. Novemba 2002 tetemeko lenye ukubwa wa takribani 5.5 liliutikisa mji huu, na tangu wakati huo majengo marefu yameongezeka sana, pamoja na mji mzima wa Serikali kule Mtumba. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ina makao yake makuu hapahapa. Seismomita (kifaa maalumu cha kupimia matetemeko) nzuri ni ghali, kwa hiyo vituo huwa vichache na mbali mbali. Vipima mtikisiko vya simu ni vya bei ndogo na viko kila mahali, ila kelele yake ni kubwa: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioanzisha mradi wa MyShake walieleza mwaka 2016 kwamba simu inaweza kulitambua tetemeko la ukubwa wa 5 likiwa ndani ya takribani kilomita 10. Matetemeko madogo, yale yanayoonyesha ufa upi uko hai, simu haiyasikii.

Kipima mtikisiko kinachofaa kwa mbinu hizi kipo tayari. Ndani yake uzito mdogo huvuta kijiti kinachotikisika. Ardhi ikisogea uzito unakikaza au kukilegeza kijiti, na masafa yake yanabadilika. Ni ishara ya polepole iliyopandishwa juu ya mtikisiko wa kasi, mpangilio uleule tulioueleza. Sioni sababu ya wanafunzi wa fizikia na uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dodoma kutoanza na mfano wake wa ukubwa wa meza: ukanda mwembamba wa chuma uliobanwa ncha mbili, sumaku, koili na spika ya kuusukuma. Mlinganyo wa Duffing haujali ukubwa. Kuruka juu na kuporomoka kutaonekana kwa macho.

Gharama zipo. Kijiti kilichosimama karibu na njiapanda hupoteza kasi. Kadiri unavyokisogeza karibu ndivyo kinavyochukua muda mrefu kuamua, hivyo ukuzaji mkubwa hulipiwa kwa uwezo mdogo wa kufuata mambo ya haraka. Kinachotoka baada ya kuruka pia kimepoteza umbo: utajua ishara ilipanda lini, hutajua kwa uhakika ilipanda kiasi gani, isipokuwa ukae katika eneo ambalo mwitikio bado ni wa taratibu. Kwa tetemeko, ambako umbo la wimbi ndilo linaloeleza ufa ulivyokatika, hasara hiyo si ndogo.

Lakini adui mkubwa kwetu ni joto la mchana na baridi ya usiku. Silikoni ya kawaida ikipata joto hulegea, na masafa ya kijiti hushuka kwa takribani sehemu 30 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mwezi Julai Dodoma, kati ya alfajiri na mchana, tofauti ya nyuzi 13 ni ya kawaida. Hiyo ni sehemu 390 katika milioni. Rezoneta inayokuza mara 10,000 ina kilele chenye upana wa sehemu 100 tu katika milioni. Kwa hiyo kifaa kilichowekwa sawasawa ukingoni mwa njiapanda saa kumi na moja alfajiri kitakuwa, ifikapo saa nane mchana, kimehama karibu mara nne ya upana wa kilele chake, na hakitasikia chochote. Dawa zinazotumika ni kuchanganya silikoni na atomu za kigeni, kukipaka kijiti tabaka la oksidi yake ambayo hukazika inapopata joto, kukiweka ndani ya kijumba chenye hita kinachotunza nyuzi zilezile, au kuweka kijiti cha pili kando yake kisichopokea ishara, ambacho kazi yake ni kupima joto tu ili msukumo wa kile cha kwanza urekebishwe kila wakati. Kwa kituo cha tetemeko kinachotumia sola porini Hombolo, ambako kila wati ina hesabu yake, ningeanza na hicho kijiti cha pili kuliko hita.